Albamu ya mkusanyiko wa kazi nzima: B.B. King na mwenye kanda

Mkusanyiko wa kazi nzima ni albamu inayochota nyimbo kutoka miaka yote ambayo mwanamuziki amekuwa akirekodi, tangu sahani yake ya kwanza. Nyimbo mpya huwa hazimo, au zimo chache tu za kumshawishi shabiki wa siku nyingi ambaye zile za zamani anazo tayari. Wanaokumbuka sahani za Ukumbusho za Mbaraka Mwinshehe, zilizotoka baada ya kufariki kwake mwaka 1979, wameshakutana na kitu cha karibu na hiki. Katika bluzi, muziki uliozaliwa kwa Wamarekani weusi, mfano wa kuujadili ni King of the Blues, kasha la CD nne za mpiga gitaa na mwimbaji B.B. King, lililotolewa na kampuni ya MCA mwaka 1992.

Tusiichanganye na albamu ya vibao, ambayo hukusanya nyimbo zilizouza sana bila kujali zinasimulia nini. Wala si sawa na rekodi kamili, ambayo haichagui chochote. Mwanabluzi Robert Johnson alirekodi nyimbo 29 tu, San Antonio mwaka 1936 na Dallas mwaka 1937, akafariki mwaka uliofuata. Kampuni ya Columbia walipozitoa zote mwaka 1990, pamoja na marudio ya baadhi yake, CD mbili zilitosha. Kwa B.B. King haiwezekani. Alianza kurekodi mwaka 1949 na akaendelea hadi karne ya 21. Lazima mtu akae, asikilize mamia ya nyimbo, aseme hii iingie na hii ibaki nje.

Bluzi na mikusanyiko vina udugu wa zamani. Hadi katikati ya miaka ya 1950 muziki huu uliuzwa kwa sahani zenye wimbo mmoja kila upande, kila wimbo kama dakika tatu hivi. Mpiga gitaa wa Memphis au Chicago hakuwa akiingia studio kutengeneza albamu. Aliingia kurekodi nyimbo chache za kupigwa redioni na kwenye mashine za muziki za mabaa, akalipwa, akarudi barabarani. Santuri ndefu zilipopata soko, kampuni zilirudi kwenye kabati na kuziunga zile sahani. Ndiyo sababu santuri ndefu ya kwanza ya mwanabluzi Muddy Waters, iliyotolewa na kampuni ya Chess mwaka 1958, iliitwa The Best of Muddy Waters. Jina lenyewe linajieleza. Hata Singin' the Blues, ya kwanza ya B.B. King, ilikuwa nyimbo za sahani ndogo zilizounganishwa.

CD ikaongeza moto. Santuri ilibeba kama dakika 40, CD zaidi ya 70, na kampuni ziligundua kwamba mtu aliyeshanunua muziki wa zamani anaweza kuuzwa tena muziki uleule, safari hii umesafishwa na una kijitabu cha picha na tarehe. Mwaka 1988 mpiga gitaa Mwingereza Eric Clapton alitengenezewa kasha la CD nne, Crossroads. Muddy Waters akafuata mwaka 1989, B.B. King mwaka 1992. Biashara, ndiyo, lakini vile vijitabu vimefundisha historia ya bluzi kuliko shule nyingi.

Sasa suala la nani anaamua. Msikilizaji hudhani mkusanyaji huchagua nyimbo bora. Kabla hajafika huko, kuna swali la nani anamiliki kanda, yaani rekodi za asili za studio. B.B. King alirekodi kwanza kwa kampuni ya Bullet ya Nashville mwaka 1949, kisha akachukuliwa na ndugu wa ukoo wa Bihari wa Los Angeles, wenye kampuni ya Modern na lebo yake ya RPM. Huko ndiko kulikotoka Three O'Clock Blues, uliorekodiwa Memphis mwaka 1951 na kushika namba moja kwenye chati ya R&B (muziki wa Wamarekani weusi) mwaka uliofuata. (Kwenye kijitabu utaona jina la Taub likiwa mtunzi mwenza katika nyimbo kadhaa za wakati huo. Huyo ni mmoja wa wenye kampuni, akijipa sehemu ya mirabaha kwa jina la bandia.) Mwaka 1962 King alihamia kampuni ya ABC-Paramount, na ABC ikanunuliwa na MCA mwaka 1979.

Kwa hiyo MCA walipoandaa kasha lao, walikuwa wakifungua kabati la ABC, si la Modern. Matokeo yanasikika: miaka ya RPM, ambayo wapenzi wengi wa bluzi huiona kilele cha uimbaji wake, imebanwa kwenye CD ya kwanza pamoja na sehemu ya miaka ya 1960, halafu miaka ya baadaye inapewa nafasi ya kujinyoosha. Anayetaka miaka ya 1950 kwa upana atafute The Vintage Years, kasha lililotolewa na kampuni ya Ace ya Uingereza mwaka 2002. Hilo nalo halifiki kwenye The Thrill Is Gone, kibao chake kikubwa cha miaka ya ABC. Kila kasha linaitwa historia ya mtu mmoja, na kila moja linakatika pale umiliki unapokatika.

Kuna jambo jingine la kuangalia: mwaka ulioandikwa pembeni ya wimbo. Kampuni isiyo na rekodi ya asili huweza kuweka toleo la baadaye la wimbo huohuo, au la jukwaani. Every Day I Have the Blues ulikuwa kibao cha RPM mwaka 1955; ule wa ukumbi wa Regal, Chicago, ulirekodiwa Novemba 1964 na ni wa ABC. Si udanganyifu, na kusema kweli ule wa Regal, pamoja na kelele za watu, naupenda zaidi. Ila haukuonyeshi alivyokuwa mwaka 1955.

Ukipangwa kwa miaka, mkusanyiko wa namna hii hukuonyesha jambo ambalo albamu moja haiwezi. Utasikia bendi ya vyombo vya kupuliza ikimzunguka kijana wa Memphis, kisha vayolini za The Thrill Is Gone mwaka 1969, kisha sauti za bendi ya roki ya U2 mwaka 1988. Vyombo vinabadilika kabisa. Yeye anaimba mstari, ananyamaza, gitaa linajibu, basi. Karibu hapigi kamwe huku akiimba, na ule mtikisiko wa kidole cha mkono wa kushoto unautambua kwa noti moja, awe na bendi ya watu wanne au na okestra.

Siku hizi kwenye programu za muziki mikusanyiko ya B.B. King imejaa, mingi ikiwa ya kampuni ndogo za Ulaya zisizojulikana. Chanzo ni sheria: katika Umoja wa Ulaya, rekodi zilizotolewa hadi mwisho wa 1962 zilikwisha muda wa ulinzi wa hakimiliki kabla ulinzi haujaongezwa kutoka miaka 50 hadi 70, kwa hiyo yeyote anaweza kuzichapisha huko. Kwa bahati, 1962 ndio mwaka King alioiacha Modern. Kazi ambayo MCA hawakuwa nayo kabatini sasa inauzwa na kila mtu kwa bei ya chini, na ile ya baada ya hapo bado ni ya Universal, warithi wa MCA. Ukikuta “mkusanyiko wa kazi nzima” wa nyimbo hamsini za B.B. King usio na The Thrill Is Gone, sababu ni hiyo.