Kuchanganya mbinu za tiba ya kisaikolojia: dhana potofu na ukweli wake

Dhana: Mtaalamu anayechanganya mbinu hajabobea katika hata moja.

Kuchanganya ni kitu kimoja, kuokoteza ni kingine. Anayeokoteza hufundisha kupumua wiki hii, wiki ijayo anafukua utoto wa mteja, ya tatu anampa zoezi aliloliona kwenye semina. Kuchanganya kwa kweli huanza na ramani ya tatizo, na kuichora huchukua vikao viwili hivi vya kwanza: nini kiliianzisha shida, nini kinaiendeleza leo, na mteja ana nguvu gani za kuanzia. Mbinu huchaguliwa baada ya hapo, kila moja na sababu yake.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kijana wa Dar es Salaam anaishi Kigamboni, ng'ambo ya maji, anafanya kazi Kariakoo. Siku moja akiwa katikati ya maji kwenye pantoni, moyo unamwenda mbio, kifua kinabana, vidole vinakufa ganzi, anaamini anakata roho. Hospitali wanampima moyo, damu na tezi ya shingo, hawaoni kitu. (Vipimo hivyo vitangulie. Mtaalamu asianze tiba ya hofu kabla ugonjwa wa mwili haujaangaliwa.) Tangu siku hiyo anazungukia Daraja la Nyerere, anachelewa kazini, ila roho inatulia. Utulivu huo ndio unaoilea hofu: kila akizunguka, mwili wake unajifunza kwamba pantoni kweli ni hatari.

Kiini cha tiba hapa ni fikra na tabia. Mteja anajifunza kwamba wimbi la hofu kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika 10 hivi, kisha hushuka lenyewe. Halafu analitafuta kwa makusudi ofisini kwa mtaalamu: anapumua haraka kwa nguvu dakika 1, au anakimbia pale pale aliposimama mpaka moyo udunde, anataja hofu yake kwa kipimo cha 0 hadi 100, anasubiri, anarudia. Mwenye pumu, ugonjwa wa moyo, kifafa au ujauzito hafanyi zoezi hili bila ruhusa ya daktari. Baadaye ndipo anakwenda kivukoni: kwanza kusimama tu, kisha kuvuka na mtu, mwisho kuvuka peke yake.

Dhana: Mbinu zikiwa nyingi, nafuu huja haraka.

Hapa ndipo wengi huharibu, tena kwa nia njema. Mtaalamu anamtuma kijana wetu apande pantoni aizoee hofu, na papo hapo anampa zoezi la kupumua taratibu ili moyo usidunde. Hizo ni amri mbili zinazopingana. Ya kwanza inasema, uache moyo udunde, hutakufa. Ya pili inasema, uzuie usidunde, la sivyo kuna hatari. Kijana anavuka salama, lakini anaamini aliyemwokoa ni ile pumzi. Siku akiisahau, hofu inarudi vile vile. Chupa ya maji isiyomtoka mkononi na namba ya mkewe iliyokwisha andaliwa kwenye simu hufanya kazi hiyo hiyo. Kupumua taratibu ni kuzuri kwa aliyechoka au anayekosa usingizi. Katika zoezi hili, kunaweza kudhuru.

Dhana: Lazima kwanza kufukua ya zamani.

Tuseme ramani inaonyesha kwamba hofu ilianza mwezi mmoja baada ya kumzika baba, na kijana, akiwa kifungua mimba, alisimamia msiba wote bila kulia. Msiba huo utahitaji nafasi yake. Lakini ukiufungua kikao cha kwanza, anaondoka na moyo unaodunda zaidi ya alivyokuja, na huenda asirudi. Kwa maoni yetu, akiwa hawezi hata kufika kazini, hofu itangulie, msiba ufuate. Kama mwenyewe anataka kuanza na baba, mpangilio ubadilike.

Na akiitikia kila zoezi lakini halifanyi nyumbani? Kumsukuma huzaa ubishi. Hapo mtaalamu huazima mahojiano ya kuhamasisha, yaliyoasisiwa na wanasaikolojia Miller na Rollnick: anauliza, “Ukiendelea kuzunguka mwaka mzima, nini kitakupita?” na kumwacha ajisikie akijibu.

Dhana: Tiba hii humtaka mtu aache dini yake.

Hapana. Dua kabla ya safari ni kawaida ya mtu na inabaki. Kinachoangaliwa ni pale anaposhindwa kabisa kupanda mpaka ameirudia mara saba bila kukosea. Hilo analichambua mwenyewe, akitaka pamoja na sheikh au mchungaji wake.

Dhana: Kubadili mbinu maana yake tiba imeshindwa.

Inategemea imebadilishwa kwa kipimo au kwa hisia. Kwa mfano, kwa dalili za sonona (huzuni nzito inayodumu), dodoso la PHQ-9 lina maswali 9, alama 0 hadi 27. Kuanzia 10 mtu hufanyiwa tathmini zaidi, na badiliko la alama 5 ni la maana. Alama zikigoma kushuka hadi kikao cha 5 au 6, rudi kwenye ramani. Swali la 9, la mawazo ya kufa au kujidhuru, huangaliwa kila mara, hata jumla ikiwa ndogo.

Dhana: Mchanganyiko huu ni wa hospitali kubwa tu.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2016 mpango uitwao Problem Management Plus: vikao 5 vya dakika 90, vyenye kutuliza mfadhaiko, kutatua matatizo, kurudia shughuli na kuimarisha uhusiano na watu. Jijini Nairobi wahudumu wa afya ya jamii waliwahudumia kwa mpango huo wanawake waliopitia ukatili, na dalili zao zilipungua. Wahudumu hao hufundishwa na kusimamiwa. Mwenye mpango wa kujiua, au anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, hapewi vikao hivyo 5. Hupelekwa kwa daktari wa magonjwa ya akili.