Kuhariri sauti si kufua

"Wewe hariri tu, mwanangu. Hayo mengine kompyuta itayatoa."

Maneno ya ustadhi mmoja wa Kibokoni, wiki jana. Alikuwa amerekodi kaswida ya watoto wa chuoni, yaani madrasa, kwa simu iliyowekwa dirishani, feni ikizunguka juu, kunguru wamejaa kwenye mti wa nje, na mtoto aliye karibu na simu akipaza kuliko wenzake wote. Sentensi hiyo hiyo nimeshaisikia kwa bwana harusi, kwa mshereheshaji, na kwa kila kijana anayeanza podikasti Mombasa hii. Wote wanataka "nihariri iwe safi". Leo acha niseme.

Kuhariri sauti ni kuamua kipi kibaki, kipi kitoke na kipi kitangulie katika sauti iliyokwisha kurekodiwa. Unakata, unahamisha, unaunga. Basi, maana yake imeishia hapo.

Neno lenyewe tumelipata kwa Waarabu, harrara, kwa ile ha ya kooni, na ndugu yake wa tumbo moja ni huru. Aliyesoma chuoni atakumbuka Suratun Nisaa, aya ya 92: tahriru raqaba, kumwacha mtumwa huru. Tahriri hiyo hiyo tumeipeleka gazetini ikawa tahariri, na mwenye kazi yake akawa mhariri. Uwanja wa Tahrir kule Cairo nao ni wa ukombozi, hakuna mhariri aliyezikwa pale. Sasa, hariri ya nguo nayo ina herufi hizo hizo tatu, na nimewahi kuelezwa kwa uhakika kabisa kwamba kuhariri ni kuifanya kazi iwe laini kama hariri. Hapo ndipo ninapokunja uso. Mhariri halainishi kitu, anakifungua tu kutoka kwenye kilichokizonga. Vijana wanasema kuediti, na Kiingereza nacho kimelichota neno lake Kilatini, edere, kutoa nje, kuchapisha. Mwarabu anaacha huru, Mlatini anatoa nje. Sijaona palipotajwa sabuni.

Ukitaka kuiona kazi hii ilivyo, wafikirie watu wa redio enzi za kanda. Walikuwa na wembe. Kanda ililazwa kwenye kipande cha chuma chenye mfereji, ikakatwa mshazari, ikaungwa kwa utepe wa gundi. Walikata mshazari ili kiungo kisisikike kama kimegongwa. Wembe ule uliweza kutoa kikohozi, "eeeh" ya mgeni, jina lililotamkwa vibaya. Mvumo uliolala chini ya maneno yenyewe haukuweza kuugusa, kwa sababu ulikuwa kwenye kanda hiyo hiyo, mahali hapo hapo. Audacity, programu ya bure inayotumiwa na wanaoanza wengi tangu 2000, imebadilisha wembe kwa kipanya. Mipaka ya wembe imebaki palepale.

Mchukue kunguru wa ustadhi. Akilia baina ya beti mbili, huyo ni wangu. Namkata, na pengo naliziba kwa kipande cha ukimya wa chumba kile kile, feni yake ikiwemo, maana ukiacha pengo tupu sikio linashtuka kuliko lingemsikia kunguru. Nakata pale wimbi la sauti, ule mchoro unaopanda na kushuka kwenye skrini, linapovuka mstari wa kati. Nikikata penginepo, kiungo kinatoa "tak" ndogo utadhani mtu amevunja njiti. Pumzi za watoto naziacha. Wanaoanza huzifyeka zote, halafu wananiuliza kwa nini msemaji anasikika kama mashine ya benki.

Lakini kunguru akilia juu ya neno "Mtume", wembe hauna kazi. Hapo tunaingia kwenye kusafisha, ambako ni fani nyingine. Kwa feni unaionyesha programu sekunde chache za feni peke yake, kisha unaiambia ipunguze kinachofanana nayo. Inapunguza kweli, kwa sababu feni inavuma vilevile mwanzo hadi mwisho. Ukiilazimisha sana, watoto wanaanza kuimba kama wako ndani ya mtungi wa maji. Kunguru naye halii vilevile mara mbili, kwa hiyo mbinu hiyo haimpati.

Na yule mtoto mwenye koo? Kompyuta ya kawaida hupima sauti mara 44,100 kwa sekunde, na kila kipimo kina dari. Alipopita dari, vipimo vyote viliandikwa dari. Ukilivuta wimbi lake karibu kwenye skrini unaona vichwa vimekuwa bapa, kama ukuta uliopitishwa panga juu. Hata ukipunguza sauti, kilichobaki ni ubapa ule ule kwa sauti ya chini, unakwaruza kwa adabu. Zipo programu zinazobahatisha kichwa kilikuwaje, lakini kubahatisha ndiko huko. Dawa yake ilikuwa kabla ya kurekodi: simu irudi nyuma hatua mbili tatu, kiwango kisipande sana, sauti kali ziishie kama desibeli sita (ndicho kipimo cha ukubwa wa sauti) chini ya dari.

Kuchanganya, yaani kupima dufu likae wapi na waimbaji wakae wapi, ni kazi ya tatu, na inataka kila kimoja kirekodiwe peke yake, kwa njia yake.

Kwa hiyo nilimjibu hivi: "Ustadhi, kuhariri nitahariri. Kusafisha nitajaribu, feni naiweza kidogo. Ubeti wa pili itabidi tuurudie, madirisha yamefungwa, feni imezimwa, na yule mtoto asimame nyuma."

"Feni izimwe, na kaskazi hii?"

"Dakika nne tu, Ustadhi."

Amesema waje Alhamisi baada ya Isha, kunguru wameshalala.