Sindano kwenye mfuko, ganda la korosho mkononi: maswali ya wazoa taka wa Mtwara

Mimi ni muuguzi. Maswali haya nimeulizwa hapa Mtwara mjini na watu wanaofagia barabara, wanaozoa taka majumbani na wanaookota makopo dampo. Nimeyaandika kama yalivyoulizwa, kwa sababu wengi wanaoulizana mambo haya huulizana wenyewe kwa wenyewe, na majibu wanayopeana mengine yanawaumiza.

Nesi, nilichomwa na sindano iliyokuwa kwenye mfuko wa taka. Nikakamua damu, nikapaka spiriti, nikaendelea na kazi. Nilikosea?

Ulifanya wanachofanya karibu wote, dada yangu, lakini haitoshi, na huko kukamua ndiko ninakowaomba mkuache. Kukamua kunaumiza nyama iliyo jirani na kidonda wala hakutoi virusi. Usinyonye kwa mdomo, usipake jiki. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, kisha acha kazi uende kituo cha afya saa hiyohiyo. Usisubiri zamu iishe.

Haraka yote ni kwa ajili ya saa. Dawa za kukinga VVU baada ya ajali kama hiyo zinatakiwa zianze mapema iwezekanavyo, na zikipita saa 72 hazianzishwi tena. Ukianza, unameza kila siku kwa siku 28. Hapohapo uliza kuhusu sindano ya pepopunda, kwani mdudu wake anaishi kwenye udongo na kidonda chembamba chenye kina ndicho anachokipenda.

Kila anayechomwa huja na hofu moja tu, ya ukimwi. Naomba muijue na homa ya ini B. Ikiwa sindano ilitoka kwa mtu mwenye virusi, makadirio yanayotumiwa na Shirika la Afya Duniani ni haya: VVU karibu asilimia 0.3, homa ya ini C karibu asilimia 1.8, homa ya ini B hadi asilimia 30 kwa mtu ambaye hajachanjwa. Na hiyo yenye hatari kubwa kuliko zote ndiyo yenye chanjo. Dozi ni tatu: ya kwanza leo, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu mwezi wa sita tangu ya kwanza. Kwa maoni yangu, mzoa taka asianze kushika mfuko kabla hajapimwa na kupewa dozi ya kwanza, na gharama iwe ya mwajiri.

Lakini tulipewa glavu. Mbona bado tunachomwa?

Nilimwangalia kijana mmoja akipakia mifuko kwenye guta. Anaushika mfuko kwa mkono mmoja, anauegemeza kwenye paja, anauinua kwa goti. Paja lake la kulia lilikuwa na makovu madogo madogo. Glavu alikuwa nazo, tena nzima, ila sindano haikuingilia mkononi.

Glavu za mpira mwembamba, zile za hospitali, zinazuia uchafu, hazizuii ncha. Hata glavu nene za ngozi hupunguza tu. Kwa hiyo angalieni namna ya kubeba: shika mfuko shingoni, uning'inie mbali na mguu, usiukumbatie, usiukanyage wala kuukandamiza kwa kiganja ili taka zishuke. Mfuko mzito sana usijikaze kuubeba peke yako, bebeni wawili. Kiuno kinachoumia leo utakuwa nacho miaka yote iliyobaki.

Na hapa nawageukia wenye nyumba, maana tatizo linaanzia kwenu. Mwenye kisukari anayejichoma insulini nyumbani, au aliyemaliza wembe, aweke kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, ikikaribia kujaa aifunge na kuipeleka kituo cha afya alikopewa sindano. Chupa iliyovunjika izungushiwe gazeti nene au iwekwe kwenye boksi. Kazi ya dakika moja kwako inamwondolea mwenzako siku 28 za vidonge.

Msimu wa korosho mikono inatuwasha, inababuka, halafu ngozi inakuwa nyeusi. Ni fangasi?

Mara nyingi si fangasi. Ni mafuta ya ganda. Ndani ya ganda la korosho kuna mafuta mazito yanayochoma ngozi, na wabanguaji wa huku kwetu Kusini wanayajua, ndiyo maana utawaona wanapaka majivu au mafuta mikononi kabla ya kukaa chini kubangua. Mzoa taka anakutana na maganda hayohayo kwenye kiroba, yamelowa na kuchanganyika na mengine, hajui ameshika nini mpaka usiku.

Mama mmoja anayezoa taka sokoni alinionyesha viganja vyake mwaka jana: ngozi imebambuka kama ganda la kiazi kilichochemshwa, katikati ya vidole kuna mipasuko. Alikuwa amenunua dawa ya fangasi mara tatu. Kilichomsaidia ni glavu nene za mpira zinazofika karibu na kiwiko, kuosha mikono kwa sabuni mara tu anapogusa maganda, na kutojifuta jasho usoni kwa mkono uleule. Yakiingia machoni, osha kwa maji safi kwa muda wa kutosha kisha nenda hospitali.

Msiyachome maganda kwenye kizimba. Moshi wake unawasha macho na kifua.

Jamaa wa karibu wa tatizo hili ni mifuko ya salfa na chupa za viuatilifu vya kupulizia mikorosho dhidi ya ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Zinafika mjini zikiwa na mabaki. Waokota makopo, nawasihi sana: chupa ya kiuatilifu msiioshe mkaiuza ya kuwekea mafuta ya kula au maji. Hata isiponuka, sumu ipo.

Homa zetu haziishi. Tukipima malaria hakuna. Ni nini?

Yanaweza kuwa mambo mengi, ila moja lazima nilitaje kwa sababu lilitokea mkoani kwa jirani zetu. Julai 2022, wilayani Ruangwa, Lindi, watu waliugua homa, kichwa, uchovu na kutokwa damu puani. Mwanzoni uliitwa ugonjwa usiojulikana. Serikali ilipotangaza majibu ya maabara, wagonjwa walikuwa 20 na watatu walikuwa wamefariki. Ulikuwa homa ya mgunda.

Bakteria wa ugonjwa huu hutoka kwenye mkojo wa wanyama, panya akiwemo, na huingia mwilini kupitia mchubuko, macho, pua au mdomo. Sasa fikiria kizimba cha taka baada ya mvua: panya wamejaa, maji meusi yanatiririka, na anayezoa amevaa kandambili na ana mkwaruzo kwenye kifundo cha mguu. Dalili huanza siku chache hadi wiki kadhaa baadaye: homa ya ghafla, kichwa, macho mekundu, misuli kuuma hasa ya nyuma ya mguu. Macho yakiwa ya njano au mkojo ukipungua, ni dharura.

Unatibika kwa antibiotiki, na ukiwahi unatibika vizuri. Lakini daktari hawezi kukisia unachofanya. Mwambie wazi: "Mimi nazoa taka, na nakanyaga maji machafu." Sentensi hiyo inaweza kubadili vipimo utakavyoandikiwa. Na acheni kununua mseto dukani wakati kipimo cha malaria kimesema hapana.

Mabuti ya mvua si pambo. Kidonda kifunikwe kwa plasta isiyopitisha maji kabla ya kuingia kazini.

Barakoa ya kitambaa inazuia vumbi?

Kidogo tu. Nyunyiza maji kabla ya kufagia, na fagia upepo ukiwa mgongoni. Moshi wa plastiki hauzuiliwi na kitambaa, kaa mbali nao.

Utingo wa gari la taka anaruhusiwa kudandia nyuma?

Hapana, mwanangu, hata kama ni mtaa mmoja. Gari likiwa linarudi nyuma, mtu mmoja asimame pembeni anapoonekana na dereva, wengine wote watoke. Na vizibao vya kung'aa vivaliwe alfajiri, wakati magari hayaoni vizuri.

Bosi anasema vifaa tujinunulie, na nikiumia ni bahati yangu. Ni kweli?

Si kweli. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga bila kumkata mfanyakazi mshahara, na awapime afya wafanyakazi wake. Msimamizi wake ni OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, na malalamiko hupelekwa huko. Kwa kuumia au kuugua kutokana na kazi kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao mchango wake hulipwa na mwajiri, si wewe. Ajali iandikwe siku ileile, hata mchomo mdogo wa sindano: tarehe, saa, mahali, aliyeshuhudia. Bila maandishi, miezi sita baadaye utabaki unasimulia tu.

Anayeumizwa zaidi na jibu hili ni muokota makopo asiye na mwajiri. Kwake nawaomba vikundi na wanunuzi wa chuma chakavu: kabla ya mizani, muwe na ndoo ya maji, sabuni na mabuti ya kuazimana.

Nina mtoto ananyonya. Nikifika nyumbani ananikimbilia.

Acha mabuti nje ya mlango. Vua nguo za kazi, ziweke kwenye ndoo yake peke yake, usizichanganye na nepi wala kanga ya kumbebea mtoto. Oga, nywele pia kama mlikuwa kwenye vumbi, kata kucha fupi. Mwombe bibi yake amshike dakika hizo kumi, hata akilia. Kisha mchukue unyonyeshe.