Kabla ya kunukuu jicho kwa jicho

Mteja alikaa mbele ya meza yangu akiwa amefunika mdomo kwa leso. Jirani alikuwa amemvunja jino kwenye ugomvi wa mpaka wa kiwanja. Nikaanza kumpigia hesabu ya fidia, akanikatiza: "Wakili, hela sitaki. Tangu enzi za Hammurabi sheria ni jino kwa jino."

Huyo ni wa tatu mwaka huu. Na jioni nikienda kufundisha historia ya sheria, naikuta kauli hiyohiyo kwenye karatasi za mtihani, ila huko imeongezewa chumvi: eti watu wa kale walianza na kisasi, baadaye wakastaarabika, ndipo wakabuni fidia. Nimeichoka.

Vibao vya udongo vya Mesopotamia, Iraki ya leo, vinasema kinyume. Sheria zinazojulikana kwa jina la Ur-Nammu, mfalme wa Ur, ziliandikwa kwa Kisumeri karibu mwaka 2100 KK, zaidi ya karne tatu kabla ya jiwe lililochongwa sheria za Hammurabi. Muuaji aliuawa, lakini aliyejeruhi alilipa: mguu uliokatwa shekeli 10 za fedha (shekeli ni kipimo cha uzito), jino shekeli 2. Ukija Eshnunna, mji mwingine wa huko, kabla kidogo ya Hammurabi, bei zimepanda ila mtindo ni uleule. Kung'ata pua ya mtu hadi ikatike ni mina 1, yaani shekeli 60. Jicho, mina 1. Jino, nusu mina. Kofi la uso, shekeli 10. Mtu alikaa chini akafikiria bei ya kofi! Hao ndio tunaoambiwa walijua kisasi tu.

Hammurabi, aliyetawala Babeli mwaka 1792 hadi 1750 KK, ndiye aliyeleta jicho kwa jicho baada ya hizo faini. Tena si kwa kila mtu. Kifungu cha 196 kinamhusu mwungwana aliyempofua mwungwana mwenzake. Shuka mistari miwili tu, usome cha 198: akimpofua mtu wa kawaida, analipa mina 1 ya fedha. Cha 199: akimpofua mtumwa wa mtu, analipa nusu ya thamani ya huyo mtumwa. Jino nalo vivyo hivyo, cha 200 na 201. Na cha 206 kinasema aliyemjeruhi mwenzake katika ugomvi, akaapa kwamba hakukusudia, atamlipa mganga basi. Nawaambia wanafunzi wangu kila muhula: ukitaka kunukuu 196, soma kwanza kurasa mbili zinazofuata. Hawasomi.

Kwa nini ukali ukaja baadaye? Mimi nakubaliana na wanaosema kwamba faini humzuia maskini tu. Tajiri anatoboa jicho, anahesabu fedha, anaondoka. Kwa waungwana wenyewe kwa wenyewe, Hammurabi aliifunga njia hiyo. Warumi, kwenye Mbao Kumi na Mbili, sheria zao za kwanza kuandikwa, za mwaka 451 hadi 450 KK, walikuwa wajanja zaidi: aliyevunja kiungo cha mwenzake alipizwe hivyohivyo, isipokuwa wakipatana. Kisasi kilikaa mezani ili kuwasukuma wapatane.

Dhana nyingine potofu nazipitia haraka. Kwamba lile jiwe la Hammurabi lilitumika mahakamani kama Kanuni ya Adhabu: mikataba na hukumu za zama zile tunazo kwa maelfu, na majaji karibu hawalitaji kabisa. Halina hata kifungu cha jumla cha mauaji ya kukusudia, sasa kanuni gani hiyo? Namba hadi 282 nazo si za Hammurabi, aliziweka mtaalamu Mfaransa Vincent Scheil alipochapisha maandishi hayo mwaka 1902, baada ya jiwe kufukuliwa Susa, Iran ya leo.

Kwamba Draco, mtunga sheria wa Athens ya kale, alijua kuua tu: sheria yake ya mauaji ilitenganisha aliyekusudia na asiyekusudia, na huyu wa pili alipelekwa uhamishoni. Solon, mtunga sheria aliyemfuata, alifuta sheria nyingine za Draco, hiyo akaiacha.

Kwamba pasipo kitabu cha sheria hapana sheria: Misri ya mafarao haijatuachia kitabu cha namna hiyo, lakini mafundi wa Deir el-Medina, kijiji cha wajenzi wa makaburi ya mafarao, walishtakiana juu ya punda na madeni, na kumbukumbu za kesi zao tunazisoma mpaka leo kwenye vigae.

Basi nikamwambia mteja kwamba kwa Ur-Nammu jino lake lingekuwa shekeli 2, kama gramu 16 za fedha. Akashusha leso, akauliza gramu ya fedha siku hizi inauzwaje.