Kiashiria "kinatabiri" nini hasa?

Shangazi amenitumia sauti ya WhatsApp, ya tatu mwezi huu: "Mwanangu, eti siku hizi mkojo tu unatosha kutabiri saratani ya ubongo. Tukapime wapi?" La wapi nitamjibu. Kinachonikera ni hilo kutabiri.

Kiashiria cha kibiolojia, au bayomaka, ni kitu chochote mwilini kinachopimika na kutueleza jambo kuhusu afya au ugonjwa: protini, homoni, kipande cha DNA. Sukari ya damu ni kiashiria na hakuna anayeishangaa. Basi.

Tabiri tumeipata kwa Waarabu, na kwao moja ya maana zake ni kufasiri ndoto. Angalia vizuri: ndoto imeshaotwa, mfasiri anaeleza tu itaishia wapi. Kwetu siku hizi neno tunalisikia zaidi kwenye utabiri wa hali ya hewa, kwa mvua ambayo haijanyesha. Kwa hiyo mtu akisikia "viashiria vya kutabiri hatima ya uvimbe wa ubongo", anaelewa kuwa ni kumjua atakayeugua. Sivyo. Watafiti wanamzungumzia mtu aliyekwisha kukutwa na uvimbe. (Na si kila uvimbe ni saratani, ila hiyo tuiache.)

Hata hapo, neno letu moja limebebeshwa mizigo miwili. Kuna kiashiria cha mwenendo: ugonjwa huu utakwenda mbio au polepole? Na kuna kiashiria cha mwitikio: dawa hii itamfaa huyu? Wenye glioma (uvimbe unaoanzia kwenye seli saidizi za ubongo) iliyobadilika jeni ya IDH kwa kawaida huishi muda mrefu kuliko wasio na badiliko hilo. Huo ni mwenendo. MGMT ni habari nyingine. Ni jeni inayosaidia seli kujikarabati baada ya kupigwa na dawa ya temozolomide. Katika utafiti wa glioblastoma, glioma iliyo kali kabisa, uliochapishwa 2005, kwa wagonjwa ambao jeni hiyo ilikuwa imezimwa kwenye uvimbe, nusu ya waliopewa dawa pamoja na mionzi waliishi zaidi ya miezi 21.7, dhidi ya 15.3 kwa walioanza na mionzi pekee. Kwa ambao haikuzimwa, 12.7 na 11.8. Dawa ileile! Huo ndio mwitikio, na anayeuita utabiri tu amekula nusu ya habari.

Vyote viwili hupimwa kwenye kinyama kilichotolewa kwenye uvimbe wenyewe. Damu na mkojo vinatafutwa kwa sababu kumfungua mtu fuvu mara kwa mara si mchezo, lakini ubongo una ukuta wake dhidi ya damu, na kinachovuja ni kidogo mno. Penye njia, vipimo vya damu vinatumika tangu zamani: protini ya AFP na homoni ya hCG kwa uvimbe wa seli za uzazi unaoota ubongoni, homoni ya prolaktini kwa uvimbe wa tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo.

Nimemjibu: "Shikamoo shangazi. Huo mkojo bado uko kwa watafiti, na wanachotafuta humo ni dalili za uvimbe uliokwisha kuwapo, si utakaokuja. Wewe kama kichwa kinakuuma kila asubuhi na unatapika, nenda hospitali, daktari aamue kuhusu CT skani. Kikopo cha mkojo kiache nyumbani."