Rifleta usiipeleke kwa fundi wa kromu

Mzee mmoja wa hapa Tanga aliniletea pikipiki, BSA B31 ya mwaka 1947, silinda moja, cc 348, iliyowahi kutumika kwenye shamba la mkonge. Ilikuwa imeangukia nguzo ya geti: kopo la taa ya mbele limebonyea, ringi inayoshika kioo imepinda, kioo vipande vitatu. "Fundi, si bora tutafute taa ya pikipiki ya Boxer tuifunge?" Nikamwambia, mzee wangu, itawaka, lakini itakuwa kama mtu kavaa kanzu na helmeti.

Kopo lenyewe halikunisumbua sana. Kwanza nilipiga picha waya zote, maana juu ya kopo kuna amita (kipima umeme) na swichi ya taa, na waya za umri huo zote zimeshakuwa rangi moja ya udongo. Kisha nikaliweka kopo juu ya mfuko wa mchanga, nikanyoosha kwa ndani na kigongo cha mti kilichochongwa mviringo, nikianzia ukingoni mwa bonde kwenda katikati, vipigo vingi vidogo. Ukilipiga katikati kwa hasira bati linatanuka, na bati lililotanuka hata uligongeje halirudi lilivyokuwa. Msasa, puti kidogo sana, praima, rangi nyeusi. Basi.

Kazi ilikuwa kwenye rifleta, lile bakuli la ndani linalorudisha mwanga mbele. Ilishakuwa nyeusi kama sufuria ya kuni, na mzee alikuwa tayari ameahidiwa na fundi fulani kwamba ataipiga kromu "ing'ae kuliko mpya". Ni kweli ingeng'aa. Lakini kung'aa machoni na kurudisha mwanga ni mambo mawili. Katika kila sehemu 100 za mwanga, fedha hurudisha kama 95, alumini karibu 90, kromu 65 hivi. Kwa balbu ndogo kama ya pikipiki hii, ukipoteza theluthi ya mwanga umebaki na kibatari. Kromu iacheni kwenye ringi.

Rifleta hii ni shaba iliyopakwa fedha, na fedha huweza kurudishwa. Niliisugua shaba mpaka nikajiona ndevu, kwa sababu kila mkwaruzo ulioachwa chini utaonekana juu, halafu nikaipeleka kwa sonara. Ndiyo, sonara wa bangili. Alicheka, ila chombo cha kupaka fedha kwa umeme anacho. Iliporudi niliishika kwa kingo tu. Alama ya kidole kwenye fedha huanza kuwa doa baada ya siku chache. Na wenye pikipiki za miaka ya karibuni, msijaribu kusugua zenu kwa dawa ya meno. Zile zina utando wa alumini mwembamba kuliko unywele mara mamia, ukipitisha kitambaa mara mbili unaondoka nao.

Kioo kiliagizwa Uingereza. Nilikikalisha juu ya mpira mpya, nikakibana na vibanio vyake vya waya. Usitumie ile silikoni inayonuka siki, kwani mvuke wake unakula chuma na shaba humo ndani. Na ukinunua kioo cha mtumba, uliza kimetoka wapi. Niliwahi kuletewa Vespa yenye kioo kilichotoka Bujumbura, ambako wanaendesha kulia. Ukiweka dimu, yaani taa ya chini, mwanga ulikuwa unapanda upande wa kulia, kwetu hapa ndio usoni mwa anayekuja.

Tukawasha. Taa ikawa ya njano, imelegea. Mzee akanitazama.

Ilikuwa athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri. Balbu ya volti 6, wati 24, inavuta ampea 4. Kwenye pikipiki hii umeme hurudi kupitia kopo, mikono ya taa, foku, halafu gololi za shingo zilizojaa grisi, na mimi nilikuwa nimeongeza rangi mpya kila mahali. Robo ya omu tu njiani inameza volti nzima. Volti 5 badala ya 6 haipunguzi mwanga kwa sehemu moja ya sita, inaupunguza karibu nusu. Nikavuta waya mmoja kutoka kwenye holda ya balbu hadi kwenye betri moja kwa moja, nikauficha ndani ya mfuko wa waya wa zamani. Taa ikawa nyeupe.

Ikabaki fokasi. Holda huteleza mbele na nyuma ndani ya rifleta, kwa hiyo tulisubiri magharibi, tukaielekeza pikipiki ukutani hatua kumi hivi, nikasogeza kidogo kidogo mpaka kile kiduara cheusi cha katikati kikafa. Nikaweka alama, nikakaza skrubu. Mzee akasema Jumamosi anakwenda nayo Pangani. Nikamwomba asubiri kwanza, breki bado sijazigusa.