AFCON 2025 iliisha 2026, na hakuna aliyekosea kuandika

Ukiandika kwamba fainali ya AFCON 2025 (Kombe la Mataifa ya Afrika) ilichezwa Januari 18, 2026, hachelewi mtu kukusahihisha. Mwingine atakejeli kwamba CAF, shirikisho la soka la Afrika, hawajui kusoma kalenda. Tarehe iko sawa na jina liko sawa. Mashindano yalianza Rabat Desemba 21, 2025, yakapita Krismasi na mwaka mpya, yakaishia Januari. Nimeshajibu hili mara nyingi mno. Leo naliandika ili kuanzia kesho niwe nabandika kiungo tu.

Mwaka ulio kwenye jina ni lebo ya toleo. Hubandikwa mapema, kwa ajili ya mechi za kufuzu, wadhamini na haki za matangazo. Tarehe huja kusogezwa baadaye kwa sababu nyingine kabisa. Mvua iliitoa AFCON 2023 ya Côte d'Ivoire kutoka Juni na Julai ikaipeleka Januari 2024. Juni 2025 ilikuwa imeshachukuliwa na Kombe la Dunia la Klabu la timu 32, AFCON 2025 ikasogezwa Desemba. CHAN 2024, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani, ilikuwa ianze Februari 2025, lakini maandalizi ya Kenya, Tanzania na Uganda yalihitaji muda zaidi, ikachezwa Agosti 2 hadi 30 mwaka huohuo. CAF wanasogeza tarehe mno, hilo sibishi. Ila kulaumu jina ni kumlaumu asiyehusika.

Isitoshe, wanaocheka AFCON hawakucheka Euro 2020, kombe la mataifa ya Ulaya, iliyochezwa Juni na Julai 2021. UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, walieleza kwamba vitu vingi vyenye chapa ya 2020 vilikuwa vimeshatengenezwa, na kubadili jina kungemaanisha kuviharibu na kutengeneza vingine. Sasa hapa ndipo panaponikera: UEFA haohao waliahirisha Euro ya wanawake ya 2021 hadi 2022, na jina wakalibadili kuwa Euro 2022. CONMEBOL, shirikisho la Amerika Kusini, nao kombe lao la Copa América la 2020 walilifanya 2021, jina na tarehe. Kwa hiyo usitafute kanuni. Kila shirikisho huamua lake, na huamua upya kila mara.

Ubaya wake utauona kwenye jedwali. Panga mabingwa kwa mwaka wa jina, na Italia (Euro 2020) itatangulia Argentina (Copa América 2021) kwa mwaka mzima. Ukweli ni kwamba Argentina walibeba kombe Maracanã Julai 10, 2021, na Italia wakabeba lao Wembley kesho yake. Dawa ni safu tatu: jina la toleo, tarehe ya mechi ya kwanza, tarehe ya fainali. Panga kwa hiyo ya tatu. Jina liandikwe kama maneno, lisiingizwe kama tarehe, vinginevyo programu inaweza kuligeuza kuwa Januari 1 ya mwaka huo.

Olimpiki ndiyo iliyonyooka kuliko zote, ingawa watu huiogopa kwa namba zake za Kirumi. Olimpiadi ni kipindi cha miaka minne ya kalenda. Ya XXXII ilianza Januari 1, 2020. Tokyo 2020 iliyofanyika 2021 ilikuwa bado ndani ya kipindi chake. Namba husonga hata michezo isipofanyika: Berlin 1936 ni ya XI, London 1948 ni ya XIV, na XII na XIII ziliangukia vitani. Michezo ya majira ya baridi haifuati hilo, yenyewe huhesabu iliyofanyika tu: 1936 ni ya nne, 1948 ya tano. Ukichanganya hesabu hizi mbili, umekwisha.

Na lebo ina nguvu kuliko watu wanavyodhani. Soka ya wanaume Olimpiki ni ya chini ya miaka 23, ukiacha wakongwe watatu. Kwa Tokyo, mpaka wa kuzaliwa ulibaki Januari 1, 1997, kana kwamba bado ni 2020, hivyo wenye miaka 24 walicheza kihalali.

Kinachonishinda hadi leo ni mabao. Bao la Januari 2026 kule Morocco ni la AFCON 2025, sawa. Lakini kwenye orodha ya wafungaji wa timu ya taifa kwa mwaka, naliweka 2026, halafu jumla za orodha mbili, ya mashindano na ya mwaka, zinakataa kulingana. Nimejaribu kuliweka 2025, na hapo orodha ya mwaka inakuwa ya uongo. Kwa sasa naacha zisilingane, naweka nyota pembeni.